Homa Isiyongoja Kukuche

Miongoni mwetu wamo walio na jamaa Eldoret, ambako watoto wa nchi nzima ya magharibi hutibiwa saratani katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mzazi arudipo nyumbani na mwanawe baada ya dawa, yapo ya kuyajua kuhusu uboho.

Uboho, ulio ndani ya mifupa, ndimo zizaliwamo seli za damu, zote zikitokana na seli shina. Tutazame neutrofili, seli nyeupe zinazotangulia kuwakabili bakteria. Huanza zikiwa kubwa, zenye kiini cha mviringo, wala hazijaweza kupigana. Hugawanyika, hujijaza chembe za kuulia vijidudu, kisha kiini hujipinda na kubanwa kuwa mapande. Ukuaji huo huchukua yapata siku 10 hadi 14, ilhali seli iliyokomaa haidumu katika damu ila muda mfupi. Ndiyo maana uboho wa mtu mzima hutoa neutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku.

Katika saratani kali ya damu, seli changa huzaana pasi na kukomaa, zikaujaza uboho na kuzinyima nafasi zilizo njema. Nayo saratani aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958, alipokuwa akifanya kazi Kampala, hutokana na seli nyeupe aina ya limfositi B. Dawa za maradhi haya huua seli zinazogawanyika upesi, na uboho haupambanuliwi. Wiki moja hadi mbili baadaye, neutrofili huweza kuadimika.

Hapo ndipo penye hatari. Usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki ya seli nyeupe zilizokufa. Mtoto asiye nazo huenda asitunge usaha wala asivimbe. Dalili pekee yaweza kuwa homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kumpa panadol na kungoja kukuche ni kuificha dalili hali maradhi yanaenea. Hata akidhaniwa ana malaria, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, aelezwe daktari kuwa yumo katika matibabu ya saratani, apate antibiotiki za mshipani bila kukawia.

Basi wekeni nyumbani kipimajoto, nambari ya simu ya wodi, na nauli ya usiku isiyoguswa kwa haja nyingine. Uboho ukipewa muda hurudia kazi yake. Muda huo ndio tunaomtafutia mtoto.