Mali bila daftari: funzo la vyura wa Kihansi

Sisi tunaoishi Hyattsville, mji mdogo wa jimbo la Maryland ulio jirani kabisa na Washington, tuna bahati moja ambayo hatuitumii ipasavyo. Ukipanda treni ya laini ya kijani, haipiti nusu saa umeshafika katikati ya jiji, na kutoka hapo unatembea kwa miguu hadi kwenye jumba la makumbusho ya viumbe la Smithsonian. Kuingia ni bure. Ukumbini anakupokea tembo mkubwa aliyeletwa kutoka Angola. Usiyoyaona ni makabati na maghala yao, ambamo zimehifadhiwa sampuli zaidi ya milioni 140 za wanyama, ndege, wadudu, mimea na mawe, kila moja ikiwa na karatasi yake: imetoka wapi, lini, na nani aliichukua.

Nyingi zimetoka kwetu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ndiyo kwanza ametoka Ikulu ya Marekani, aliteremka Mombasa. Hadi msafara wake ulipofika Khartoum Machi 1910, ulikuwa umekusanya vielelezo vipatavyo 11,400 kwa ajili ya makumbusho hayo. Waliobeba mizigo hiyo vichwani walikuwa wapagazi wetu, na lugha ya safari ilikuwa Kiswahili.

Hatuandiki haya ili kulalamika juu ya mambo ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tunaandika kwa sababu wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzetu wana daftari la mali yetu. Je, la kwetu liko wapi?

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya wasomi na watalii, kwamba nchi yenye shida ya umeme, maji na dawa haina muda wa kuhesabu vyura. Hoja hiyo tunaifahamu vizuri, kwani na sisi tuliwahi kuitoa. Habari za vyura wa Kihansi ziliposambaa, wengi wetu tulicheka. Ilipofika mwaka 2006, nyumbani kukiwa na ukame na mgawo wa umeme, tuliuliza kwa hasira: hivi chura naye ana haki ya maji kuliko mgonjwa aliyeko hospitali?

Leo tunakiri kuwa swali letu halikuwa sahihi. Tukumbushane yaliyotokea.

Mto Kihansi unashuka kwa kishindo kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Katika miaka ya 1990, Tanzania, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianza kujenga hapo mtambo wa umeme wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwishaanza, watafiti akiwemo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuta chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika hata urefu wa sentimita tatu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Hakuwa amewahi kuandikwa popote. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la hekta mbili hivi, linaloloweshwa mchana na usiku na rasharasha za maporomoko. Akapewa jina la kitaalamu, Nectophrynoides asperginis.

Mwaka 2000 mtambo ulianza kazi, na sehemu kubwa mno ya maji, kiasi cha asilimia 90, ikaachishwa njia yake ya zamani. Rasharasha zikakatika. Ikabidi yatandazwe mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, na vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx, New York. Walikuwa wanaughaibuni kama sisi. Huku nako walikufa kwa wingi, hadi mwaka 2004 wakawa hawafiki 70. Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufikia 20,000 hivi. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu tu. Ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulikuwa umeingia bondeni. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kuwa chura huyo hayupo tena porini.

Kilichofuata ni cha kujivunia. Mwaka 2010 vyura 100 kutoka Bronx na Toledo walirudishwa Dar es Salaam, wakalelewa na Watanzania, na mwaka 2012 maelfu wakaanza kurudishwa Kihansi. Hata hivyo kazi haijaisha, maana bonde lile bado linahitaji kunyunyiziwa maji kwa mabomba. Mamilioni ya dola yametumika kurekebisha jambo ambalo lingejulikana mapema kama mtu angeteremka bondeni na daftari kabla mhandisi hajachora ramani yake.

Hilo ndilo tunalotaka kusema. Hatuchagui chura tukaacha umeme. Tunataka hesabu itangulie ujenzi. Anayejua alicho nacho anaweza kupanga: kiasi gani cha maji kiachwe, bomba lipite upande gani, msitu upi uguswe na upi usiguswe. Asiyejua hulipa mara mbili, na wakati mwingine hata kulipa hakusaidii.

Anayedhani kuhesabu ni anasa atazame tembo. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha wamebaki 43,000 hivi. Kila mtu alikuwa akisikia habari za ujangili, lakini maneno yanaweza kubishiwa. Tarakimu zile zilizotangazwa na serikali yenyewe mwaka 2015 ziliondoa ubishi. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 2021, walifanya kwa mara ya kwanza sensa ya wanyamapori ya nchi nzima, wakapata tembo 36,280. Sasa wana mahali pa kuanzia. Miaka kumi ijayo mwananchi wa Kenya anaweza kumuuliza kiongozi wake: tulikukabidhi hawa, wako wapi?

Jambo la pili linatuhusu sisi wenyewe moja kwa moja. Mwaka 2005 ulimwengu ulitangaziwa kuwa kumegunduliwa nyani mpya katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kwa Wanyakyusa wa mlima Rungwe hakuwa mpya. Wawindaji walikuwa wakimwita kipunji, na ni kwa kusikia masimulizi yao ndipo watafiti walipoanza kumtafuta mwaka 2003. Mwaka 2006 ikathibitika kuwa ni wa jenasi ya pekee, ikaitwa Rungwecebus. Jina la wawindaji likabaki humo: Rungwecebus kipunji. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata 1,117 tu.

Maana yake ni kwamba kurasa za kwanza za daftari letu zipo tayari, ila zimo vichwani mwa wazee. Mzee anayejua majina arobaini ya ndege wa kijiji chake akifariki, tunazika kitabu ambacho hakijanakiliwa. Watoto wetu hapa Maryland wanajua majina ya mijusi wakubwa wa kale waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, lakini hawajui bibi yao anamwitaje ndege anayelia alfajiri nyuma ya jiko.

Tufanye nini basi? Serikali zetu tunaziomba mambo mawili. Kwanza, bwawa, barabara au bomba lisianze kuchorwa kabla viumbe wa mahali pale hawajahesabiwa, masika na kiangazi. Pili, vyuo vyetu visomeshe vijana wa kutambua na kuainisha mimea, wadudu na samaki, na viwape ajira, wasiishie kuwabebea mizigo watafiti wageni kama wale wapagazi wa 1909.

Na sisi wa ughaibuni tusijitoe. Kila mwaka tangu 1900, Wamarekani wa kawaida, wakiwemo wastaafu na wanafunzi, hutoka msimu wa Krismasi kuhesabu ndege, na hesabu zao hutumiwa na wanasayansi. Hawalipwi. Tukienda likizo nyumbani tunapiga picha harusi na nyama choma. Tupige na za vipepeo na miti, tuulize majina kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini, tuyaandike pamoja na tarehe na mahali. Jumapili tunapopiga simu kwa wazee, tukishamaliza kuulizana hali na habari za ada za shule, tuongeze swali moja: mzee, yule ndege wa bondeni mnamwitaje, na je, bado yupo?

Jibu lolote litakalotoka, tuliandike.