Kwaito ya Harusini Ni ya Ukumbi Mzima

Jumamosi nilikuwa kwenye send-off hapa Kijenge. MC akaita kwaito, mistari ikajipanga, shangazi akavua viatu akaingia. Raundi mbili tu, huyo karudi kukaa. "Mwanangu, mmeibadilisha, siiwezi tena." Walioibadilisha ni sisi wanachuo, nami nikiwemo. Tulifanya mazoezi wiki nzima hosteli.

Sipingi ubunifu. Jina lenyewe tumeliazima kwenye muziki wa Afrika Kusini uliovuma miaka ya 1990, tukaupa uchezaji wetu wa mistari. Mwaka 2020 Fenómenos do Semba wa Angola waliucheza wimbo wa Master KG, Jerusalema, wakiwa na sahani za chakula mkononi. Dunia nzima ikaiga, kila mtu na madoido yake.

Lakini angalia kwaito inavyokwenda. Hatua ni zilezile, zikiisha mnageukia upande mwingine. Mkishageuka mara mbili, wa nyuma ndiye wa mbele. Aliyekuwa anaiga sasa ndiye anaigwa. Ukibadili hatua za msingi umemwacha peke yake mbele za watu, na hapo ndipo shangazi alipokwama.

Kwa hiyo tikisa bega, ruka, piga makofi utakavyo, ila geuka na wenzako. Pambo libaki ndani ya hesabu.

Harusi yenyewe ni mwezi ujao. Nimeshamwahidi shangazi nitasimama mstari wake.