Umri wa Simu ni Umri wa Mfumo Wake

Mtu anunuapo simu ya mkononi huangalia kioo, kamera na betri. Ni wachache waulizao juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ndicho kinachoamua simu hiyo itatumika kwa usalama muda gani. Kitu hicho ni mfumo wa uendeshaji.

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Ndio unaozigawia kumbukumbu, unaopokea mguso wa kidole juu ya kioo, na unaozuia programu moja isipekue siri za nyingine. Mifumo miwili ndiyo iliyoenea zaidi duniani: iOS ya kampuni ya Apple, iliyoanza pamoja na simu ya iPhone mwaka 2007, na Android ya kampuni ya Google, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008.

Programu yenye mamilioni ya mistari haiwezi kukosa kasoro. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro katika sehemu ya Android inayosoma video: ujumbe mmoja wenye video iliyotengenezwa kwa hila ungeweza kumfungulia mhalifu mlango wa kuingia katika simu. Mwezi Agosti mwaka huo Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi.

Lakini si kila simu iliyoyapata. Marekebisho makuu ya Android hupita kwanza mikononi mwa watengenezaji wa prosesa na wa simu, ambao hawana budi kuyalinganisha na vipuri vya kila aina ya simu waliyoiuza. Kazi hiyo hugharimu fedha, na simu iliyokwisha kuuzwa haimletei mtengenezaji faida kubwa tena. Kwa sababu hiyo simu nyingi za bei nafuu zimeachwa baada ya miaka michache tu, hali kioo na betri zake zingali nzima. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa mwenye simu hana hata udongo wa kuzibia.

Wako wadaio kwamba ufundi wenyewe hauruhusu simu kutunzwa muda mrefu. Dai hilo halina nguvu. Simu ya iPhone 5s, iliyotolewa mwaka 2013, ilipata marekebisho ya usalama hadi Januari 2023. Mwezi Oktoba 2023 Google iliahidi miaka 7 kwa simu yake ya Pixel 8, na Samsung ikafuata mwezi Januari 2024 kwa simu zake za Galaxy S24. Hizo zote ni simu za bei ya juu. Kinachokosekana kwa simu ya mnyonge, basi, ni wajibu wala si elimu.

Wajibu huo waweza kuwekwa na sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya una kanuni zinazotaka marekebisho ya mfumo yapatikane bila malipo kwa muda usiopungua miaka 5 tangu mtengenezaji aache kuingiza aina hiyo ya simu sokoni. Nchi za Afrika Mashariki, ambako simu moja huweza kutumiwa na ndugu watatu kwa zamu, zina haja kubwa zaidi ya kanuni kama hiyo. Hatua ya kwanza si ngumu: kila kasha la simu lichapishwe tarehe ambayo marekebisho yatakoma, kama dawa inavyochapishwa tarehe ya kuharibika.

Wakati sheria ikingojwa, shule zaweza kuanza. Katika simu ya Android, sehemu ya mipangilio huonyesha tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Mwalimu awatume wanafunzi waitazame tarehe hiyo katika simu za nyumbani, kisha wailinganishe na tarehe ya leo darasani. Ikiwa miaka imepita, simu hiyo haifai tena kutunza fedha wala siri za mtu, hata ikiwa kioo chake kingali kinang'aa.