Kustaafu si Ugonjwa



Mwezi huu sitaandika juu ya malaria wala chanjo za watoto. Nataka tuzungumze juu ya mgonjwa ambaye tunampokea mara kwa mara hospitalini, lakini dawa yake haipo katika stoo yetu. Huyu ni mzee aliyekuwa kiongozi.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, anayeteremka kutoka huku mlimani kila mwezi siku ya kliniki ya presha. Hufika saa moja asubuhi, amevaa koti na tai. Akishapimwa na kupewa dawa, haondoki. Hukaa kwenye benchi hadi saa nane mchana. Siku moja nilimwuliza, "Shikamoo mwalimu, bado kuna shida?" Akajibu, "Marahaba, sista. Hakuna shida. Hapa mnaniita mwalimu. Nyumbani naulizwa tu kama nimekula."

Presha ya mzee huyu ilikuwa juu kwa miezi mingi. Tulimbadilishia dawa mara mbili. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba alikuwa hazimezi. Hakuona sababu ya kuzimeza.

Ndugu msomaji, mtumishi wa umma katika nchi yetu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Hebu mfikirie mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka thelathini na zaidi. Alisubiriwa ofisini, aliamua magomvi, alitia sahihi, alijulikana kwa cheo kuliko kwa jina. Siku moja anafanyiwa sherehe, anapewa zawadi na kupigiwa makofi. Jumatatu inayofuata hakuna anayemsubiri. Hapo ndipo usingizi unapoanza kupotea. Wengine hugombana na mke na watoto kwa mambo madogo, wengine huhamia kilabuni tangu asubuhi.

Maoni yangu ni haya: kosa kubwa ni letu sisi tunaobaki naye. Tunasema, "Mzee apumzike," tukidhani tumemheshimu. Mapumziko ya mwezi mmoja ni dawa. Mapumziko ya miaka kumi bila kazi wala wajibu ni kumweka mtu kando akingoja kufa. Wapo pia wanaomkumbuka mzee siku ya mafao tu, na mafao yakiisha hata salamu hupungua.

Wazee wetu wa zamani walikuwa na busara kutushinda. Kwa Waarusha na Wamaasai, morani wakifika wakati wao huingia uzeeni, na nafasi yao huchukuliwa na rika linalofuata. Lakini hawaachwi bila kazi. Kila rika la vijana lina wazee wake wa olpiron, waliopekecha moto wa kulianzisha. Wazee hao si wa rika lililo juu yao moja kwa moja, bali lile la juu zaidi. Kazi yao ni kuwafundisha vijana, kuwaonya na kuwasimamia. Mzee hashiki tena mkuki, lakini anajua anawajibika kwa nani. Hicho ndicho tulichokipoteza tulipoanza kuhesabu uzee kwa barua ya kustaafu.

Tena mji wetu wa Arusha umeona jambo hili kwa macho yake. Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63. Alirudi Butiama kulima. Hakukaa bure. Aliongoza Tume ya Nchi za Kusini tangu mwaka 1987 hadi 1990, na mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Biblia kwa Kiswahili. Mwaka huo huo aliombwa kuwapatanisha ndugu zetu wa Burundi, na tangu mwaka 1998 mazungumzo hayo yalifanyika hapa hapa Arusha. Alikuwa katika kazi hiyo alipofariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999, kwa saratani ya damu. Aliyeipokea ni Mzee Nelson Mandela, naye akiwa ametoka kwenye urais mwaka huo huo, mwenye umri wa miaka 81. Mkataba ulitiwa sahihi hapa mjini tarehe 28 Agosti 2000. Vita haikwisha siku hiyo, maana vikundi vingine havikutia sahihi, lakini njia ya amani ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 2016 Mzee Benjamin Mkapa, naye mstaafu, alipewa kazi ya kuwapatanisha tena Warundi.

Angalieni vizuri: watu hawa hawakung'ang'ania viti walivyoviacha. Waliombwa, wakapewa kazi nyingine yenye jina na mwisho unaoeleweka. Wazee wa parokia zetu nao wanahitaji kuombwa hivyo hivyo.

Nasikia mtu akisema, "Sista, wewe huwajui. Mzee aliyezoea kuamuru ukimpa kamati, ataitawala kama shule yake." Ni kweli, nimewaona. Mstaafu asiyejua kushuka humkatisha tamaa kijana aliyechukua nafasi yake. Kwa hiyo nawaambia na ninyi wazee wangu kwa heshima: cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa. Ukiitwa kusaidia, kaa chini ya mwenyekiti, hata kama ulimfundisha kusoma. Toa shauri, kisha mwache aamue.

Basi tufanye nini? Nashauri mambo matano.

Kwanza, mzee akianza kunyong'onyea, aletwe hospitali apimwe presha, sukari, macho na masikio. Si kila unyonge unatokana na kustaafu. Huzuni ikizidi majuma mawili, halali, hali, hapendi tena aliyoyapenda, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao hutibika. Akisema afadhali afe, msimcheke wala msimwache peke yake. Mleteni siku hiyo hiyo.

Pili, maandalizi yaanze kabla. Mwenye miaka 55 aanze sasa kujaribu kazi ndogo nje ya ofisi. Wala asitumbukize mafao yote katika biashara asiyoijua.

Tatu, nyumbani aulizwe shauri, si chakula tu. Mjukuu apelekwe kwake na daftari la hesabu. Shamba la kahawa au migomba liwe na sehemu yake anayoiamua mwenyewe.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo ziandike wazee wao na ujuzi wao. Mhasibu mstaafu akague hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Mwalimu akae na watoto wanaorudia mtihani. Mkunga mstaafu awatembelee wajawazito na kuwahimiza kwenda kliniki, bila kuwatibu nyumbani.

Tano, kazi hiyo iwe na siku, saa na muda wa kumaliza. "Karibu mzee wakati wowote" si mwaliko. "Tunakungoja Jumanne saa tatu" ni mwaliko.

Yule mwalimu mkuu tulimwomba jambo dogo. Siku za kliniki huwasomea wagonjwa wenzake maandishi ya kwenye pakiti za dawa, na kuwaandikia tarehe ya kurudi kwa herufi kubwa. Anapokosea saa za dawa, nesi kijana humsahihisha, naye hukubali. Anameza dawa zake, na presha imeshuka. Sisemi ameponywa na kazi peke yake. Nasema sasa ana sababu ya kumeza.

Mimi mwenyewe nina miaka 57. Nimeanza kujiuliza ni nani ataniita sista nitakapovua sare hii. Nimeshamwambia mwenyekiti wa jumuiya yetu: siku hiyo ikifika, msinionee haya. Nipeni kazi.

Nawatakia afya njema.