Kompyuta inayopakua nyimbo usiku: kaa na kijana wako

Mzazi mwenzangu, ukiamka saa nane usiku ukakuta kompyuta ya kijana wako inafanya kazi na yeye mwenyewe amelala fofofo, usianze kwa kugomba. Huenda ameipangia zamu ya kupakua nyimbo.

Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe, kupeleka fleshi kibandani ijazwe nyimbo si jambo geni. Siku hizi kijana mwenye kompyuta ya mtumba yenye Linux, mfumo usiolipiwa, anaweza kufanya hivyo nyumbani. Anaandaa orodha ya nyimbo mtandaoni, kisha anaielekeza kwenye orodha hiyo programu ya bure iitwayo yt-dlp. Halafu anaitumia cron, kipanga ratiba kilichozoeleka kwenye Linux, kuiamsha programu hiyo kila usiku. Akiandika saa 2 kwenye cron, ndiyo saa nane yetu ya usiku. Akiiagiza pia itunze kumbukumbu, haitarudia wimbo ilioupakua jana.

Jambo la kwanza la kuuliza ni bando. Wimbo wa dakika nne, ukipakuliwa sauti tupu kwa ubora wa kawaida, ni kama MB 4. Nyimbo 50 ni MB 200, na nyimbo 500 zinafika GB 2. Akisahau kuchagua sauti, video zinashuka zote na bando la wiki linaweza kuisha kabla ya alfajiri. Kwa hiyo kubalianeni idadi ya nyimbo kwa usiku mmoja, na ratiba iangukie muda wa bando la usiku kama mnalo.

Jambo la pili ni zito zaidi: nyimbo hizo ni za nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na waimbaji, na COSOTA ndiyo inayosimamia haki hizo. YouTube nayo, katika masharti yake, hairuhusu kupakua bila idhini. Msanii hupata sehemu ya mapato ya matangazo wimbo wake unapotazamwa huko. Ukishapakuliwa, kuusikiliza mara mia kwenye sabufa hakumwongezei kitu. Na kijana akianza kuwajazia wenzake fleshi kwa pesa, hapo anauza jasho la mtu mwingine. Mwambie hivyo waziwazi, maana huenda kwake ni biashara ndogo tu kama kuuza karanga.

Lakini usimnyang'anye kompyuta. Kuipangia mashine kazi ni ujuzi unaolipa maofisini, ambako cron hiyohiyo hutumika kunakili kumbukumbu kila usiku. Msaidie aelekeze ujuzi huo pazuri. Apakue nyimbo ambazo wenyewe wameruhusu, kwa mfano zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons, au za kwaya yenu ikiwa imekubali. Aipangie kompyuta inakili picha za familia kwenye diski ya pembeni kila Jumapili.

Jioni ya leo mwombe akuonyeshe orodha yake. Pitieni wimbo mmoja mmoja: huu tumeruhusiwa, huu hatujaruhusiwa. Usioruhusiwa autoe mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni yake.