Mtoto Aachishwe Ziwa Lini?

Katika vijiji vya Kisian, karibu na Kisumu, mara nyingi swali hili huletwa na mimba mpya. Mama atambuapo kuwa ni mja mzito, na mtoto aliye mgongoni hajatimiza hata mwaka na nusu, huambiwa kwamba maziwa yake yameharibika. Basi siku ile ile hupaka shubiri au pilipili, ama mtoto hupelekwa kwa nyanya yake, akalia usiku kucha.

Maziwa ya mama mwenye mimba hayaharibiki. Mama mwenye afya aweza kuendelea kunyonyesha, ila aliyewahi kuharibikiwa na mimba yafaa apate shauri la mkunga kwanza. Hatari imo katika kuachisha kwa ghafula. Jina la ugonjwa wa kwashiakoo, ambao huvimbisha miguu na kugeuza rangi ya nywele, lilitoka kwa Waga wa Accra: kwao ni ugonjwa umpatao mtoto akiisha kuzaliwa mdogo wake. Dakta Cicely Williams aliueleza ulimwengu habari zake katika miaka ya 1930.

Kisumu nayo imejifunza. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2009 shirika la utafiti la KEMRI, lenye kituo hapo Kisian, pamoja na wenzao wa Marekani, waliwaangalia akina mama 522 wenye virusi vya UKIMWI. Walipewa dawa, wakashauriwa kuacha kunyonyesha mtoto atimizapo miezi sita. Dawa zilizuia maambukizo mengi, lakini watoto walipoachishwa ziwa, kuhara kuliongezeka. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba hata mama mwenye virusi, akimeza dawa zake barabara, aweza kunyonyesha miaka miwili au zaidi, kama mama mwingine yeyote.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Miezi sita ya kwanza mtoto apewe ziwa tu. Kisha aanzishiwe uji mzito wa wimbi au mtama uliotiwa unga wa omena, viazi vitamu, ndizi, maharagwe na yai, huku akiendelea kunyonya. Afikapo miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku. Wakati wa kumwachisha ukiwadia, na uondolewe mnyonyo mmoja kwanza, kisha mwingine, kwa muda wa majuma kadhaa; ule wa usiku uwe wa mwisho. Asiachishwe akiwa mgonjwa. Maji yake yachemshwe, na anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa.

Baba naye asidhani kwamba hayo ni mambo ya wanawake tu. Mayai na omena hununuliwa kwa fedha yake, na kuzaa kwa nafasi ni shauri la watu wawili. Aandamane na mkewe kliniki mapema, kabla mimba nyingine haijawakatia shauri.