Mwizi wa kompyuta tunamfungulia wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua ili niwaeleze wananchi wenzangu jambo lililonikuta, na nitoe maoni yangu kuhusu kompyuta tulizonazo majumbani. Siandiki kwa kujifanya mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kompyuta nimejifunza uzeeni. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sipendi mwingine aumwe na nyoka yule yule aliyeniuma mimi.

Mtaani kwetu tunacho chama cha kuzikana, na kwa miaka mingi nimekuwa mweka hazina wake. Michango yote naiandika katika daftari, kisha naiingiza katika kompyuta niliyonunuliwa na binti yangu. Kila mwisho wa mwezi nawapelekea taarifa ya fedha kwa barua pepe wanachama waliohamia miji mingine. Siku moja programu ya kuandikia ilinigomea, ikidai leseni. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi. Akaniambia nisitupe fedha zangu, kwani yeye anayo programu ile ile "iliyofunguliwa", isiyodai leseni. Alinitoza shilingi elfu kumi tu. Nilipoona anaizima programu ya ulinzi, ile ambayo wengi tunaiita antivairasi, nikamwuliza sababu. Akajibu, "Mzee, hii inasumbua tu. Haipendi vitu vya bure." Nikacheka, nikalipa, nikaenda zangu.

Kwa muda wa miezi mitatu hivi sikuona kasoro kubwa. Kompyuta ilikuwa nzito kidogo. Feni yake ilinguruma hata pale ambapo sikuwa na kazi yoyote niliyoifanya, na kifurushi cha intaneti cha wiki kikawa kinaisha kwa siku tatu. Nikawagombeza wajukuu kwamba wanatazama sinema usiku. Kumbe nilikuwa nawaonea. Ndipo wanachama walioko nje ya mji wakapata barua pepe iliyotoka katika anuani yangu mimi, yenye salamu zangu na jina la chama chetu, ikiwaomba mchango wa dharura wa msiba kwa namba ya simu nisiyoijua. Wawili walituma fedha.

Ndugu Mhariri, nimesimama mbele ya madarasa mengi katika maisha yangu, lakini sijapata kusimama kama nilivyosimama mbele ya mkutano wa chama ulioitishwa juu ya jambo hilo. Mzee mmoja tuliyeanzisha naye chama aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, sisi fedha zetu tulikukabidhi wewe. Wewe ulimkabidhi nani?" Sikuwa na jibu. Kilichoniokoa ni daftari la karatasi. Kila shilingi ilionekana humo, na benki ilithibitisha kwamba salio halikuguswa. Wale wawili niliwarudishia fedha zao kutoka mfukoni mwangu. Hata hivyo, wapo wanaonitazama kwa jicho la pembeni hadi leo.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ana ujuzi wa kompyuta, alikuja nyumbani kuichunguza. Uchunguzi wa kwanza haukuonyesha kitu. Ndipo akafungua mahali ambapo programu ya ulinzi huweka orodha ya vitu ilivyoamriwa isivikague. Folda nzima ya ile programu ya bure ilikuwa imeandikwa humo! Alipoifuta katika orodha na kukagua tena, mdudu akaonekana mara moja. Akanieleza kwamba programu hasidi ya aina hiyo hukusanya maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa katika kompyuta na kuyapeleka kwa wezi, nao huyatumia wenyewe au huwauzia wezi wengine. "Mwalimu," akasema, "mlinzi alikuwapo mlangoni. Aliambiwa ageuze uso."

Hilo ndilo neno ninalotaka wasomaji walichukue. Wengi wetu tunadhani kwamba virusi vya kompyuta huingia kwa nguvu, kama jambazi anayevunja mlango kwa jiwe. Wapo wanaoingia hivyo, lakini katika kompyuta za nyumbani mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowafungulia, tena kwa furaha, kwa sababu mwizi amekuja na zawadi mkononi.

Si jambo jipya. Mwaka 1986 kilitokea virusi kilichoitwa Brain, kilichotoka Lahore, Pakistani, nacho kilienea duniani kwa watu kupeana disketi mkono kwa mkono. Mei 2000 ilitoka Ufilipino barua pepe iliyojidai kuwa barua ya mapenzi. Faili lililoambatanishwa nayo lilionekana kama maandishi ya kawaida, kwa kuwa Windows huficha kipande cha mwisho cha jina la faili, na kipande hicho ndicho kilichoonyesha kwamba ile ilikuwa programu. Mamilioni ya watu waliifungua. Hakuna aliyewalazimisha. Kila mmoja alitaka kujua ni nani anayempenda.

Wala wenye kuficha programu si wahuni wa vichochoroni peke yao. Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Mark Russinovich, alifichua kwamba sahani za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiweka katika kompyuta ya mnunuzi programu ya kuzuia kunakili, na programu hiyo ilijificha hata mfumo endeshi wenyewe usiione. Baada ya kelele za wanunuzi, kampuni ilizirudisha sahani hizo kutoka madukani. Ikiwa kampuni kubwa yenye anuani na jina iliweza kufanya hivyo, je, programu ya bure isiyo na mwenyewe itatufanyia nini?

Najua watakaonijibu kwamba programu halali ni ghali na sisi ni watu wa kipato kidogo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haiondoi kosa. Ipo LibreOffice, ambayo hutolewa bure kwa halali tangu mwaka 2010, nayo inaandika barua na kupiga mahesabu ya chama bila shida. Upo mfumo endeshi wa Ubuntu, nao ni bure. Windows 10 na Windows 11 zina programu ya ulinzi iitwayo Microsoft Defender, ambayo haidai hata senti moja. Kwa hiyo umaskini haukunilazimisha kumkaribisha mwizi. Nilimkaribisha kwa uvivu wa kuuliza. Ile shilingi elfu kumi ndiyo iliyokuwa ghali kuliko fedha zote nilizopata kutumia.

Basi, kwa faida ya wenzangu, naomba kueleza taratibu ambazo sasa tunazifuata nyumbani kwetu.

Kwanza, hatuweki programu yoyote ambayo hatujui imetoka wapi. Tunaichukua kwa mtengenezaji mwenyewe. Programu ikidai tuzime ulinzi ndipo iingie, hiyo imekwisha kujieleza, na tunaachana nayo.

Pili, hatuahirishi marekebisho yanayotolewa na watengenezaji. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizikumba kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai dola za Marekani 300 kwa kila kompyuta. Hata hospitali za Uingereza zilikwama. Jambo la kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikwisha kutoa kiraka cha tundu lile tangu Machi mwaka huo huo. Hao ndio wavunja mlango niliowataja, na dawa yao ni kuziba tundu mapema. Wenye Windows 10 wajue pia kwamba viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango maalumu wa muda. Kompyuta ikiwa haiwezi kubeba Windows 11, afadhali ipewe Ubuntu kuliko kuachwa wazi.

Tatu, kila mtu nyumbani ana akaunti yake ya kawaida katika kompyuta, na ile akaunti yenye mamlaka ya kuweka programu haitumiki kwa kazi za kila siku. Mjukuu akibonyeza kitu kibaya, kompyuta itadai kwanza neno la siri la mkubwa. Huo ndio wasaa wa kuulizana.

Nne, flashi iliyotoka kwenye stesheneri haifunguliwi kabla ya kukaguliwa. Flashi moja kwa siku huingia katika kompyuta ngapi? Ni kama mswaki unaopita kinywa hadi kinywa. Na tukienda kuchapisha, hatubebi flashi yenye mambo yetu yote. Tunabeba ile yenye karatasi tunayoihitaji tu.

Tano, tukiona kurasa za intaneti zinapiga kelele kwamba kompyuta yetu ina virusi na kwamba tubonyeze hapo haraka, tunafunga ukurasa. Daktari wa kweli hamfuati mtu barabarani na sindano.

Sita, kompyuta ikianza tabia ngeni hatuwagombezi watoto, tunaichunguza. Yapo maradhi yanayojificha Windows ikiwa macho. Kwa hayo, Defender ina uchunguzi wa nje, ambao huizima kompyuta, ikawaka upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 15. Hata hivyo, hakuna programu ya ulinzi inayokamata kila kitu. Ikithibitika kwamba mwizi alikuwamo, dawa ya uhakika ni kuhifadhi nyaraka, kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya kutoka kwa mtengenezaji. Mimi ndivyo nilivyofanya.

Saba, maneno ya siri hubadilishwa kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, tukianza na la barua pepe, kwa maana huko ndiko funguo za akaunti nyingine hutumwa. Ukiyabadilishia katika kompyuta ile ile yenye mdudu, umemwandikia mwizi mapya. Kisha tunaweka uthibitisho wa hatua mbili, ili mwenye neno la siri peke yake asiweze kuingia.

Nane, na hili nalisema kwa msisitizo, tunaweka nakala ya nyaraka zetu katika diski ya nje ambayo haiachwi imechomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili hufunga pia nakala vinazozikuta zimeunganishwa. Na mahesabu ya watu nayaandika bado katika daftari. Wajukuu walikuwa wananicheka, sasa hawacheki.

Ndugu Mhariri, baada ya kujilaumu mwenyewe, naomba niseme neno kwa wengine. Kwa mafundi wetu: nyinyi mnaaminiwa kama tunavyowaamini madaktari. Mteja hajui kilichomo ndani ya mashine yake, na kwa sababu hajui ndiyo maana amekuja kwenu. Ningependekeza kila fundi ampe mteja karatasi inayoonyesha programu alizoziweka, zimetoka wapi, na kama kuna ulinzi wowote aliouzima. Fundi anayeona haya kuandika karatasi hiyo anajua mwenyewe kwa nini anaona haya. Wala sisemi kwamba fundi wangu alikusudia kuniibia. Huenda naye alipewa na mwingine, asijue alichobeba. Lakini asiyejua alichobeba asikiweke katika nyumba ya mtu.

Kwa Serikali: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila haki na kufanya udanganyifu kwa kutumia kompyuta. Sheria hiyo humshughulikia mwizi akipatikana, na mara nyingi yeye yuko mbali. TCRA, kupitia kitengo chake cha TZ-CERT, hutoa tahadhari za kitaalamu. Ombi langu ni kwamba tahadhari hizo ziwafikie pia watu wa mitaani kwa Kiswahili chepesi, redioni na katika mikutano ya mitaa, kama tulivyofundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Hatukuambiwa majina ya vijidudu vyote. Tuliambiwa chemsha, na tukaelewa.

Kwa wananchi wenzangu: msiseme kwamba nyumbani kwenu hakuna cha kuibiwa. Mimi nilisema hivyo. Nilidhani mwizi anatafuta mamilioni, kumbe alitafuta jina langu, kwa kuwa lilikuwa linaaminiwa na watu waliozika pamoja nami wazazi wao. Fedha nilizilipa zikaisha. Jina bado nalilipia, na sijui nitamaliza lini.

Yule mzee aliyeniuliza nilimkabidhi nani, nimekwisha kumpa jibu katika mkutano uliofuata. Nilimwambia kwamba nilimkabidhi mtu nisiyemjua, kwa sababu alisema ni bure. Akatikisa kichwa, akasema niendelee na kazi ya uweka hazina, lakini daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Nimekubali, na naona ni haki.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.